Presi ya Mkono Si Babu wa Presi ya Umeme

Huko Majengo, Mombasa, kwenye kibanda cha mabati chenye mlango mmoja, yuko fundi ambaye nimekuwa nikimtembelea kwa miaka. Anatengeneza seredani, majiko ya makaa, bawaba za milango na mbuzi za kukunia nazi. Katikati ya kibanda imesimama presi ya skrubu: fremu nzito ya chuma cha kusubu, skrubu nene kama kigasha cha mtu mzima yenye hesi pana, na juu yake mtaimbo uliolazwa, kila ncha imebeba mpira wa chuma wa ukubwa wa dafu. Anashika mpini unaoning'inia kutoka ncha moja, anauvuta kwa mkono wa kulia, mipira inazunguka, skrubu inashuka, panchi, kile chuma cha kutobolea kilichofungwa chini yake, inagonga. Inasikika "du" moja nzito. Kipande cha bati kinaanguka chini ya meza, na bati lenyewe linabaki na tundu safi ambalo ukilipapasa kwa kidole halikukwaruzi. Skrubu inarudi juu karibu yenyewe. Mkono wa kushoto umeshasogeza bati.

Miezi michache nyuma nilihudhuria kikao cha mafundi wa jua kali na watu waliokuja kuwaeleza habari za mkopo wa mashine. Mhandisi mmoja kijana, msomi na mwenye nia njema, alisimama akasema kwamba presi kama hiyo ni hatua ambayo dunia ilishaipita. Kuna ngazi, alisema: chini kabisa mvukuto wa ngozi na nyundo, juu yake presi ya mkono, juu yake presi ya umeme, na juu kabisa mashine za kompyuta. Kazi yetu ni kupanda. Mafundi walitikisa vichwa kukubali. Nami nusura nikubali, maana maneno yalikuwa yamepangika. Lakini picha hiyo ya ngazi imenisumbua tangu siku ile, kwa sababu ukiikubali, basi kila unapokuta mashine tofauti katika nchi tofauti unauliza nani yuko mbele na nani yuko nyuma, na husumbuki kuuliza kila mmoja alikuwa anatatua tatizo gani.

Tuzitazame mashine zenyewe. Presi ya umeme ya kawaida ina gurudumu zito linalozungushwa na mota muda wote. Ukikanyaga pedeli, klachi inalishika gurudumu, krenki, mkono uliopinda unaogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kupanda na kushuka, inasukuma panchi chini mpaka mahali palepale pa siku zote, kisha inairudisha. Mwendo wake umefungwa. Ukiingiza mabati mawili kwa bahati mbaya, au panchi ikiwa haikukaa sawa na jike lake, kile chuma chenye tundu kinachoipokea, krenki haijui. Itashuka tu, na kitakachotangulia kuvunjika ndicho utakachonunua upya. Zile zenye klachi ya kizamani, zikishaanza kushuka hazisimamishiki njiani.

Presi ya skrubu haina mwisho uliopangwa. Inashuka na nguvu uliyoitia, inaimaliza nguvu hiyo ndani ya chuma, inasimama. Ukiitia kidogo, inagusa. Ukiitia nyingi, inatoboa. Ukiingiza mabati mawili, inasimama katikati ya la pili na wewe unarudisha mpini kwa mkono. Kwa hiyo presi ileile moja inatoboa asubuhi, inakunja shingo ya bawaba mchana, inanyoosha kipande kilichopinda jioni, na hakuna popote palipobadilishwa isipokuwa panchi na mkono wa fundi.

Hapa naomba tufanye hesabu, kwa sababu watu wengi wanaiona mipira ile kama pambo. Tuseme kila mpira una kilo 20 na uko sentimita 50 kutoka katikati ya skrubu. Fundi akiuvuta mpaka ufikie kasi ya mzunguko mmoja kwa sekunde, mipira inakwenda zaidi kidogo ya mita 3 kwa sekunde. Nguvu iliyomo ndani yake ni karibu juli 200. Namba hiyo haimwambii mtu kitu, basi niiseme hivi: ukilinyanyua dumu la maji la lita 20 kutoka chini mpaka juu ya mkokoteni, mita moja hivi, umetumia juli 196. Kila mtu wa Mombasa aliyewahi kununua maji kwa mkokoteni anajua uzito huo kwa mgongo wake.

Sasa dumu hilo moja linafanya nini? Nguvu haikumezwa kwa mita moja; inamezwa ndani ya milimita moja, unene wa bati. Hata tukikubali kwamba nusu yote inapotea kwenye msuguano wa hesi na kunyumbuka kwa fremu, zinabaki juli 100 zinazoishia ndani ya milimita moja, na huo ni msukumo wa tani 10. Tundu la milimita 20 kwenye bati la chuma laini la unene wa milimita moja linahitaji msukumo wa tani 2 na kidogo. Fundi wangu halihitaji dumu zima. Anahitaji robo yake, lita tano, na ndiyo maana mnamwona anavuta mpini kama anayefungua mlango wa nyumba yake. Na akiongeza kasi kwa nusu tu, ikafika mzunguko mmoja na nusu kwa sekunde, nguvu haiongezeki kwa nusu: inazidi mara mbili, kwa sababu kasi hapa inajizidisha yenyewe kwa yenyewe. Kati ya kugusa na kuponda pana tofauti ndogo sana ya mkono. Hiyo ndiyo elimu aliyonayo, na haikuandikwa popote kwenye mashine.

Nimelirudia dumu la maji mara nyingi kichwani tangu nipige hesabu hiyo, kwa sababu linakata pande mbili, na ule upande wa pili nitaufikia.

Basi kwa nini nchi moja ilikumbatia presi hii na nyingine ikaiacha? Birmingham, Uingereza, ulikuwa mji wa karakana ndogondogo: vifungo, nibu za kalamu, vito, medali, sahani za kufuli. Karakana ya watu wachache, kila wiki umbo jipya. Kwa kazi hiyo presi ya skrubu ilifaa mno, na ilibaki kwenye meza za mafundi hata baada ya mvuke na umeme kufika mtaani. Haikubaki kwa sababu Waingereza hawakuijua nyingine: mwishoni mwa karne ya 18, Matthew Boulton alikuwa tayari anapiga sarafu kwa presi za mvuke kule Soho, nje kidogo ya mji uleule. Mashine mbili zilikaa mji mmoja kwa zaidi ya miaka 100, kila moja na kazi yake.

Marekani walikwenda njia nyingine. Kazi ya mkono ilikuwa ghali, soko lilikuwa kubwa na la namna moja, viwanda vilijengwa kwa shafti ndefu na mikanda ya kuzungusha mashine nyingi pamoja, na presi ya krenki ikatawala. Presi ya skrubu ikawa kitu adimu kwao. Ikiwa ngazi ya yule mhandisi ni kweli, hao ndio walioipita zamani. Lakini leo wahunzi wa Marekani wanaofanya kazi ya mmojammoja, milango ya kupamba, visu, zana, wanaitafuta: wananunua ya Kiingereza iliyotumika, au mpya iliyotoka India. Waliotangulia juu ya ngazi wanashuka kuifuata. Au tuseme hakukuwa na ngazi.

Na India? Miji kama Batala, Punjab, na Rajkot, Gujarat, ina viwanda vidogo vya kusubu chuma na kutengeneza mashine, na presi za skrubu ni sehemu ya biashara yao mpaka leo. Sababu ni zilezile ambazo mtu wa Majengo anazijua: karakana ndogo, oda zinazobadilika, umeme usioaminika, na chuma kinachoweza kusubiwa mtaa wa pili. Uhusiano wetu na pande hizo si wa jana. Reli iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ililetewa wafanyakazi karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, na miongoni mwa walioingia na kubaki Afrika Mashariki walikuwemo Makalasinga wa koo za uhunzi na useremala. Ukiiona presi ya mkono imesimama kwenye kibanda cha Mombasa, unaona bandari inayotazama mashariki na reli inayotazama bara. Kuiita masalio ya Uingereza peke yake ni kuisahau nusu ya bahari.

Tofauti za namna hii haziishii kwenye presi. Fuawe ya Kiingereza, chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake, ina pembe moja na kidaraja kidogo. Ya Kijerumani mara nyingi ina pembe mbili. Ya Kijapani ni bonge la chuma tupu lisilo na pembe. Kule Sakai, mji wa visu wa Japani, mhunzi hukaa ndani ya shimo ili nyundo ya mashine na fuawe ziwe sawa na sakafu, karibu na mapaja yake. Mwingereza anasimama. Kwetu, fuawe ya kibanda ni kipande cha reli kilichosimamishwa juu ya gogo, na fundi anakaa kwenye kigoda. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba kisu cha Sakai ni kibaya kwa kuwa aliyekifua alikaa.

Tazama na mivukuto. Maeneo ya Maziwa Makuu walitumia vyungu au vinu vya mti vilivyofunikwa ngozi, na kijiti cha kupandisha na kushusha kila ngozi. Pwani na kaskazini mashariki ulikuwepo mfuko wa ngozi ya mbuzi, unaofunguliwa na kufungwa kwa kiganja. Ukivuka bahari hadi Madagaska unakuta jambo jingine kabisa: mapipa mawili ya mti yaliyosimama wima, yenye pistoni zinazopanda na kushuka ndani yake, ufundi uliofika na watu waliotoka visiwa vya Kusini Mashariki mwa Asia. Bahari moja, upepo wa aina tatu. Na leo nenda vibandani utakuta ya nne: rimu ya baiskeli imefungwa kwenye fremu ya mbao, mpini umechomelewa kwenye ekseli, na mkanda wa mpira wa tyubu unazungusha feni ndogo iliyofungiwa kwenye bati. Kijana anazungusha pole, makaa yanageuka meupe. Hiyo haikutoka kwenye ngazi ya mtu yeyote. Baiskeli zilikuwepo, tyubu kuukuu zilikuwepo, ngozi ikawa ghali.

Nasema haya nikijua hatari ya kupamba ya kwetu. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi na Mombasa kuwa wachimba chuma, na huko Galu, kusini ya Likoni, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya kuyeyushia chuma. Ni jambo la kujivunia. Lakini fahari inaweza kumtangulia mtu. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika juu ya tanuri za Wahaya wa Kagera, wakasema wazee wale walikuwa wakiupasha upepo moto kabla haujafika kwenye makaa, na joto likapanda mno. Habari ilienea duniani. Baadaye wataalamu wengine waliipinga ile sehemu ya upepo uliopashwa moto, na mjadala ukawa mrefu. Wazee wa Kagera walitoa chuma kizuri, na hilo halihitaji kutiwa chumvi. Nami sitaki presi ya mkono itiwe chumvi, ndiyo maana nimeanza na hesabu.

Mgala muue na haki yake umpe. Upande wa yule mhandisi una haki kubwa, na sehemu yake nzito imo ndani ya lile dumu nililosema litakata pande mbili. Tundu dogo ni lita tano. Lakini kukata kitako cha jiko kwa pigo moja, au kukunja bati nene la pipa la mafuta, ni dumu zima, wakati mwingine zaidi. Mapigo 500 kwa siku ni madumu 500 ya maji yaliyopandishwa mkokotenini kwa bega moja, bega la kulia, siku sita za wiki. Fundi wangu hawezi kuuinua mkono ule juu ya kichwa bila kukunja uso. Kofia huivaa kwa mkono wa kushoto. Anayeisifu presi ya mkono bila kulitaja bega hilo hajakaa kibandani.

Halafu kuna wingi. Kwa presi ya mkono, kuweka bati, kuvuta, kurudisha na kutoa kunachukua sekunde nne au tano ukiwa na nguvu za asubuhi. Presi ya umeme inapiga kabla hujatoa mkono. Bawaba zinazoshushwa Kilindini kwa makontena zimepigwa na mashine ambazo hazichoki, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi hanunui historia ya fundi; ananunua bei. Kijana anayetaka kuoa mwaka huu hawezi kuambiwa avute mpini kwa sababu ni urithi. Na usalama nao: mipira ile inazunguka usawa wa kichwa cha mtu, na anayepita bila kutazama anaweza kupasuliwa paji la uso. Panchi haichagui kidole kwa kuwa inasukumwa na mkono.

Yote hayo nayakubali, na bado naona picha ya ngazi inatupoteza, kwa sababu inaihesabu mashine siku inaponunuliwa tu. Mimi nataka ihesabiwe siku inapoharibika.

Kikundi kimoja cha mafundi ninachokijua kilipata presi ya umeme kwa msaada wa mradi, sitautaja. Ilikuwa nzuri, rangi ya kijani, tani nyingi. Ilihitaji umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa, na kibanda kilikuwa na fezi moja, ule wa nyumbani. Kuvuta fezi tatu kulichukua miezi na pesa ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Ilipowaka ilifanya kazi vizuri, kweli vizuri, karibu mwaka. Kisha pini ya klachi ikakatika. Mkereza mmoja wa Shimanzi, mtaa wa viwanda hapa mjini, akawachongea nyingine kwa chuma alichokuwa nacho. Ikadumu wiki mbili, kwa kuwa pini ile inataka chuma maalumu kilichotiwa ugumu kwa kipimo. Ya kiwandani ilipaswa kuagizwa kutoka ng'ambo, na aliyewauzia mashine hakushughulika na vipuri. Wakati wanasubiri, hewa ya chumvi haikusubiri. Unaijua hewa yetu: inakula kontakta za swichi, inaingia kwenye nyaya za mota, inaacha unga wa kijani kwenye shaba. Mara ya mwisho nilipoiona ilikuwa imefunikwa turubai la plastiki, na juu ya turubai pameanikwa nguo.

Presi ya skrubu nayo hula kutu na huharibika. Bushi ya shaba inayoshika skrubu huisha, na ikiisha mpini unaanza kuyumba. Lakini bushi hiyo inasubiwa na kukerezwa hapahapa mjini. Grisi inauzwa kila mahali. Fremu ya chuma cha kusubu iliyonenepa vile inaweza kukaa na kutu ya juu miaka 50 isidhurike. Fundi wangu aliibadilisha bushi mwenyewe, na mkereza, kwa siku mbili. Siku mbili dhidi ya turubai la plastiki: mimi namba hizo naziona kubwa kuliko tani zilizoandikwa ubavuni mwa mashine.

Kuna na jambo la umeme wenyewe. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima, na likaendelea kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukaingia gizani. Siku kama hiyo inakumbukwa kwa sababu ilimgusa kila mtu. Katizo la saa tatu katika mtaa mmoja halikumbukwi na yeyote isipokuwa mwenye oda ya kupeleka jioni. Mwenye presi ya umeme na rejesho la mkopo kila mwezi anahesabu saa hizo kwa namna ambayo mwenye presi ya mkono hahitaji. Nasikia jibu: basi turekebishe umeme. Ndiyo, turekebishe. Lakini mkopo unaanza kudai mwezi ujao, na umeme hauna tarehe.

Chuma pia. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu nchini kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya miundombinu, na marufuku ikakaa hadi Mei. Vibanda vilivyotegemea springi za lori na mabati ya mapipa vilibana. Mashine ya kasi inataka bati jipya la unene mmoja lililoviringishwa, roli kwa roli. Ukiilisha bati la pipa lenye kovu na unene usiolingana, unaichosha. Mkono unahisi kovu na kuvuta kidogo zaidi. Presi ya skrubu inakula makombo, na kibanda chetu kinaishi kwa makombo ya viwanda vya wengine. Mtu anaweza kusema hilo ndilo tatizo lenyewe, kwamba tunapaswa kutoka kwenye makombo, nami simbishii. Ila tusimpe mtu wa makombo mashine ya roli tukamlaumu akishindwa.

Mafundi wenyewe hawakungoja mjadala wetu. Pita Changamwe au Magongo karibu na gereji za malori, utaona presi ya tatu ambayo haimo kwenye hotuba za upande wowote: fremu ya chaneli iliyochomelewa umbo la mlango, na katikati jeki ya lori ya tani 20 inayosukuma, na springi mbili za kuirudisha. Inang'oa beringi, inaingiza bushi, inanyoosha shafti. Kwa kutoboa haifai, ni ya polepole, na sili zake zinavuja ukiipiga kwa mishtuko. Lakini tani 20 za jeki ni tani 20 kutoka mwanzo wa mwendo hadi mwisho, bila bega la mtu kuumia, bila fezi tatu, na jeki mbovu hubadilishwa kwa jeki nyingine iliyotoka kwenye lori. Nani aliiweka kwenye ngazi, na kwenye kipago cha ngapi?

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira Kenya, iliyosema kwamba kazi hizi ndogo zisizo rasmi zina tija na ubunifu, na kwamba tatizo lao kubwa ni kubughudhiwa na kunyimwa msaada. Zaidi ya nusu karne baadaye, sekta hii inabeba zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye ajira nje ya kilimo kidogo, na bado tukija kuisaidia tunaanza kwa kuiambia vifaa vyake ni vya kale. Ningependa fomu ya mkopo wa mashine iwe na maswali mengine. Oda yako ya kawaida ni vipande vingapi vya umbo moja? Kama ni 3,000, presi ya umeme, bila ubishi, na bega lipumzike. Kama ni 40 leo na 60 za namna nyingine kesho, muda wa kufunga na kusawazisha panchi utakula faida ya kasi yote. Kikikatika kipuri, nani anakitengeneza, na kwa umbali gani kutoka mlangoni? Bati lako linatoka wapi? Na kwa mwenye presi ya mkono, mkopo mdogo zaidi wa kuinunulia bushi mpya, kizuizi cha kuzungushia mipira, na meza ya urefu unaolifaa bega, mbona haumo kwenye fomu kabisa?

Nilimpelekea fundi wangu hoja za yule mhandisi nikitarajia azikatae. Hakuzikataa. Alisema angeipenda presi ya umeme kama angeipata bila deni. Kisha akanionyesha anachofanya kwa sasa. Mwenye duka mmoja alikuwa amemwagiza bawaba 2,000. Mabati aliyapeleka Shimanzi, kwenye karakana yenye presi ya umeme, wakamkatia vipande vyote kwa siku moja kwa malipo. Vipande vilirudi kwa tuktuk ndani ya magunia. Kutoboa matundu ya skrubu na kuikunja shingo inayoshika pini anafanya mwenyewe, kwa sababu kule walipojaribu kukunja, shingo zilitoka zenye nafasi na mlango ukawa unalia. Alinipa mbili nizilinganishe. Ya kule ilicheza kwenye pini. Ya kwake ilizunguka bila sauti.

Akafuta mpini kwa kitambaa chenye grisi, akaweka kipande kwenye jike, akauvuta kwa mkono wa kushoto. Tangu Ramadhani anajizoesha mkono huo, alisema, ili wa kulia upone. Bado unakwenda upande kidogo.